Shauri la Tumbusi

Kitendawili. Haya, semeni tega. Hapigi hodi, hana kisu wala sufuria, kichwani hana unywele hata wa dawa, na hakuna maiti iliyowahi kumficha ilipolala. Ni nani huyo? Fikirini polepole, maji ya chai hayajachemka. Mkishindwa mtanipa mji, maana mchezo ndivyo ulivyo: asiyejua jibu hutoa mji, mwenzake akaukalia kwa raha zake, ndipo amfungulie kitendawili. Lakini naona wenye akili mmekwisha sema tumbusi, na mmepata. Basi kaeni vizuri.

Jumatatu moja, saa mbili kasorobo asubuhi, Shangazi alikuwa amepiga magoti uani, nyuma ya ofisi ya wanyamapori, anasugua sakafu ya saruji kwa brashi ngumu. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Wafanyakazi walimpa jina hilo kwa sababu aliwapa chai wakija na njaa na aliwasema wakiacha vikombe vichafu. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na moja ya kusuuzia. Damu ya Ijumaa ilikuwa imekauka, na damu ikilala siku tatu hushika kama rangi ya mlango.

Zamani ua ule ulikuwa wa udongo, na udongo ulionyweshwa damu hunuka. Miaka mitatu nyuma Mwenyekiti wa ofisi aliagiza saruji imwagwe, na Shangazi alimshukuru kwa mikono miwili. Sakafu ilikuwa na kasoro moja tu. Karibu na mtaro palikuwa na mahali, pana kama mlango uliolazwa, ambapo damu haikupita. Ikifika hapo iligawanyika, ikazunguka huku na huku, ikakutana tena mbele na kuingia mtaroni. Shangazi alisema fundi hakujua kutumia pima maji, akaendelea na kazi yake. Hata pale alipasugua, japo hapakuwa pachafu, kwa sababu hakupenda kazi ya kurukaruka.

Sheria ya ofisi ile ilikuwa fupi. Mnyama aliyeona ukoo wake unakwisha alikuja mwenyewe, Jumatatu au Ijumaa, akachukua namba kwa mlinzi wa getini na kukaa kwenye benchi la ukumbini hadi aitwe. Asiyejua kusoma alisomewa namba yake. Ndani kulikuwa na meza ndefu, wajumbe watano, na fomu yenye swali moja kubwa: Mnyama huyu ana faida gani? Aliyekubaliwa aliandikwa kwenye orodha, akatobolewa sikio kwa koleo, akavishwa hereni ya bati yenye namba, akatoka kwa mlango wa mbele. Aliyekataliwa alitokea mlango wa nyuma. Kule walimngoja wanaume watatu wenye mapanga, nyundo na magunia, kwa kuwa sheria ilisema mnyama asiyelindwa ni wa atakayemuwahi, na hakuna pa kumuwahia pazuri kama mlangoni.

Chui, siku yake, hakuulizwa lolote. Aliketi, wajumbe wakamtazama manyoya, mikono mitano ikapanda. Twiga alikunja shingo kupita mlangoni, naye akapata kura zote, na mjumbe mmoja akaomba apigwe naye picha. Ijumaa ile alikuja mhanga, yule mchimbaji mla mchwa, na jike lake. Walipoulizwa faida yao, dume lilianza kuchimba ili waone, likang'oa vigae viwili vya ofisi. Mikono miwili tu. Nje walilipiga nyundo mara sita, maana mgongo wa mhanga ni mgumu, na jike lilisimama pembeni likingoja zamu. Baada yao aliingia chura mdogo mwenye sauti nzuri. Aliimba dakika kumi, wajumbe wakasikiliza huku wanakunywa chai, kisha akakataliwa. Mtu alimkanyaga pale mlangoni bila hata kujua kwamba amemaliza shauri.

Hiyo ndiyo damu aliyokuwa akiisugua Shangazi.

Saa nne alipumzika, akapeleka vikombe viwili kwenye gari la ofisi. Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, mlango wazi. Alikuwa rafiki wa mume wake tangu ujana wao, kwa hiyo waliitana shemeji. Kila siku ya kazi walikunywa chai pale na kutegeana vitendawili, na kila siku Shangazi alimalizia na kile kile.

"Kitendawili," alisema.

"Tega, shemeji."

"Aliondoka na kofia, na filimbi, na vifungo sita. Hajarudi na hata kimoja. Yuko wapi?"

Dereva alipuliza chai, ingawa ilikuwa imeshapoa. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Upi?"

"Ule wenye kiwanda cha sukari."

"Ulinipa mwaka jana."

"Basi ule wa ziwani."

"Huo nina nyumba tayari, na wapangaji wananisumbua."

Wakacheka. Kwa kanuni ya mchezo, aliyepewa mji sharti atoe jibu. Shangazi hakuwa na jibu la kutoa, kwa hiyo aliendelea kupokea miji. Kwa miaka mitatu Dereva alikuwa amempa karibu ramani yote iliyobandikwa ukumbini.

"Na yule fundi wenu wa saruji," alisema Shangazi akikusanya vikombe, "ukimwona mwambie pale kwenye mtaro alilala usingizi."

"Pima maji yake ilikuwa mbovu," alisema Dereva, akafunga mlango wa gari.

Mume wa Shangazi alikuwa askari wa pori. Alikuwa na daftari dogo, na ndani yake aliandika namba za magari yanayoingia porini bila ruhusa. Asubuhi moja aliondoka nyumbani kwenda doria, akasema usinisubiri kula, na mkewe hakumwona tena. Wiki ya pili jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya maneno WATORO KAZINI. Mtaani walisema amepata mwanamke mdogo mahali fulani. Shangazi alifuta vumbi kwenye kioo cha ubao ule kila asubuhi, na kila asubuhi alilisoma jina lile polepole. Alitaka kitu kimoja tu, kuambiwa alipo. Akiwa hai, akamtukane vizuri. Akiwa amekufa, akamzike.

Siku ile ile, baada ya chai, mlinzi aliita namba kumi na tisa. Tumbusi alishuka kwenye benchi na kuingia ndani kwa miguu, mabawa ameyakunja nyuma kama mzee anayekagua shamba. Alikuwa jike, mkongwe. Bawa moja lilikuwa limepauka, alama ya sumu ya zamani. Shangazi alikuwa humo ndani na birika, anawajazia wajumbe vikombe.

"Huyu tunamfahamu," alisema Mwenyekiti. "Sura hana, harufu ndiyo hiyo mnaisikia. Tupige kura tuendelee."

Katibu alikuwa msichana wa miwani ambaye hakuwahi kuruka mstari wa fomu tangu aajiriwe. "Mzee, samahani. Kuna sehemu ya ushahidi wa faida. Nikiiacha wazi, makao makuu wataturudishia fomu."

"Andika hana."

"Sharti aulizwe, mzee."

Mwenyekiti alitazama dari. Katibu akamgeukia ndege. "Namba kumi na tisa, unaombwa kutoa ushahidi wako mezani."

Tumbusi akaruka mezani, akainamisha shingo, akatapika.

Kilitoka kwanza kipande cha taya ya nyati, kikasafishwa kwa karatasi na kuandikwa. Ikafuata hereni ya bati. Katibu aliisoma namba. Mjumbe mmoja akasema, "Si yule chui wetu? Tulimpitisha huyo."

"Kumbe amekufa," alisema mwingine.

"Amekufa," aliandika Katibu.

Kisha zikatoka hereni nyingine kumi na moja, moja baada ya nyingine, zikilia juu ya meza. Kisha risasi mbili, na Katibu, aliyekuwa na kitabu cha stoo hapo karibu, akaandika kwamba ni za bunduki ya ofisi. Kisha ikatoka filimbi. Mwisho ndege alijikaza, shingo ikatetemeka, akatoa kifungo kimoja cha shati chenye uzi mwekundu.

Shangazi alisimama na birika lake. Kifungo kile alikishona yeye, cha tatu kutoka juu, siku uzi wa kijani ulipomwishia. Mume wake alijitazama kwenye kioo akasema, umenifanya bendera, mke wangu, majangili wataniona toka mbali. Yeye akamwambia, nenda, ukirudi nitakibadilisha.

"Mzee," alisema, "kifungo hicho ni cha mume wangu."

Mwenyekiti hakuinua macho. "Shangazi, vifungo vyote vinafanana."

"Uzi haufanani."

"Kikao hiki ni cha ndege. Mumeo ni ndege?"

"Sivyo, mzee."

"Yuko kwenye orodha gani?"

"Ya watoro."

"Basi. Mmiminie mjumbe chai, inapoa."

Akammiminia mjumbe chai. Hakumwaga tone mezani. Katibu alikuwa ameandika mazungumzo yote hayo kwenye kumbukumbu za kikao, kwa sababu kila lililosemwa liliandikwa, na lililoandikwa halikufutwa. Zikasomwa kwa sauti ili zithibitishwe: hereni kumi na mbili, risasi mbili za ofisi, filimbi moja, kifungo kimoja cha mume wa mfagizi. Wajumbe wakasema ni sahihi, wakatia saini.

"Na mimi nina la kuongeza," alisema Mwenyekiti. "Kuna malalamiko kwamba ndege hawa wanaonyesha watu mahali."

"Mahali gani, mzee? Niandike."

"Mahali tu."

Katibu akaandika mahali tu. Kura ikapigwa. Mkono mmoja ulipanda, wa mjumbe aliyekuwa akijikuna kisogo, nao ukashuka.

Tumbusi alitoka kwa mlango wa nyuma akitembea. Panga la kwanza lilimpata begani, likavunja bawa zima. La pili lilimkosa, likatoa cheche kwenye saruji, na mwenye panga akatukana. Wa tatu alimshika miguu, akambamiza ukutani mara mbili kama mtu anayekung'uta mkeka, kisha wakakata shingo. Kichwa kilibaki karibu na mlango. Mwili ukainuka, ukatembea hatua tisa bila kichwa hadi pale karibu na mtaro, ukatandaza mabawa yote mawili, lile lililopauka na lile lililovunjika, ukalala. Damu yake ikazunguka pembeni kama kawaida. Yule mwenye gunia akasema ndege wa aina hii hata supu hafai, akamwacha hapo hapo.

Shangazi alimfagia, akapiga deki, akamwaga maji.

Saa tisa alikwenda dirishani kwa Katibu. "Mwanangu, nipe kile kifungo."

"Shangazi, hicho ni kielelezo. Kiko kwenye bahasha, kabatini, faili namba kumi na tisa. Andika barua."

Aliandika barua kwa mwandiko wake wa darasa la saba, akaipeleka kwa mkono. Jibu lilikuja Jumatano, lina mhuri. Lilisema kielelezo cha ndege hakitolewi kwa mtu asiye jamaa wa ndege.

Siku ya Jumatano hiyo hiyo tumbusi wengine walianza kuzunguka juu ya ofisi. Walianza watatu, kufikia mchana walikuwa kama mia tatu, na ofisi ikapata kivuli ambacho haikuwahi kukipata tangu ijengwe. Mwenyekiti aliagiza nyama itiwe sumu na kutandazwa juu ya paa. Wakashuka kula, wakaanza kuanguka. Walianguka juu ya bati kama magodoro yanayotupwa, wakateleza, wakaangukia kwenye maua, kwenye ngazi, kwenye baiskeli ya mlinzi. Mmoja alipasua kioo cha mbele cha gari. Wengine hawakufa upesi, wakawa wanapiga mabawa kwenye changarawe na kutema povu, na wale wanaume watatu walitoka uani wakawamaliza kwa nyundo, mmoja baada ya mwingine, mpaka suruali zao zikawa nyekundu hadi magotini. Shangazi alijaza magunia arobaini na mawili. Ndege waliobaki waliendelea kuzunguka juu, na idadi yao haikupungua.

Kufikia Alhamisi watu walikuwa wamezoea. Mwenyekiti alitembea na mwavuli, kwa sababu kivuli kimoja kilimfuata kutoka gari hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi chooni. Wajumbe nao wakanunuliwa miavuli, na Katibu akaandika waraka kwamba miavuli ni sehemu ya sare. Dereva hakupewa. Kivuli chake kilikuwa kidogo, cha ndege mmoja, na kilizunguka mahali popote alipokuwapo. Akiegesha gari chini ya jengo, kilizunguka ndani ya jengo. Akila, kilipita juu ya sahani. Mke wake alisema kinapita hata juu ya mto wa kulalia, akahamia chumba cha watoto.

Ijumaa saa nne Shangazi alipeleka vikombe viwili kwenye gari. Dereva alikuwa ameketi pale pale kwenye ngazi, macho yamemwiva. Ukumbini benchi lilikuwa limejaa kama siku zote. Mlinzi alikuwa anamsomea kakakuona namba yake. Jina kwenye ubao lilikuwa pale pale, kioo chake kinang'aa.

Wakanywa kwanza. Kivuli kilipita juu ya kikombe cha Dereva, kikazunguka, kikapita tena.

"Kitendawili," alisema Shangazi.

Dereva hakusema tega.

"Shemeji, nimesema kitendawili."

"Tega," alisema.

"Aliondoka na kofia, na filimbi, na vifungo sita. Filimbi iko kabatini. Kifungo kimoja kiko kwenye bahasha. Yeye yuko wapi?"

Dereva alitazama ndani ya kikombe. "Miji imekwisha, shemeji."

"Najua. Nilikuwa nahesabu."

"Hata ile midogo ya pembeni nilishakupa."

"Ulinipa hata kisiwa."

Dereva alijaribu kucheka. Aliweka kikombe chini, kikagonga ngazi, na chai ikamwagikia kiatu chake. Hakukifuta.

"Lile daftari lake," alisema. "Aliandika namba ya gari hili. Mara nne. Tulikuwa tumebeba ngozi za wale wenye hereni. Mzee akasema tumwite tuzungumze naye kwenye bwawa la chumvi. Akaja na filimbi yake shingoni. Akanisalimia mimi kwanza."

Shangazi alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Mzee alipiga risasi mbili. Ya kwanza haikumuua. Tulimwacha palepale, tukajua pori litamaliza. Lakini ndege walikuja wengi mno, mchana kweupe, wakaonekana hadi barabara kuu, na watu wakaanza kusimamisha magari na kuuliza kuna nini. Mzee akasema turudi. Tukawatilia sumu ndege, tukamkusanya yeye, kilichobaki. Kichwa alikishika mzee. Miguu niliishika mimi."

Mlinzi aliita namba ishirini na mbili. Ndani, kiti kilivutwa, na Katibu akasikika akiuliza lile swali la faida. Uani mtu alikuwa ananoa panga kwenye ukingo wa mtaro, taratibu, kama ilivyo ada.

"Bado hujajibu," alisema Shangazi. "Nimeuliza yuko wapi."

Kivuli kilisimama juu ya mikono ya Dereva, kikatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Kakakuona alitolewa nje akiwa amejikunja kama mpira, na nyundo ya kwanza ikamshukia. Damu ikaanza kutambaa kwenye saruji kuelekea mtaroni, ikafika mahali pake, ikagawanyika.

"Pale damu isipopita, shemeji," alisema Dereva. "Asubuhi umempigia deki."